Futresti ya Baba

Harufu ya chuma kinachochomelewa bado hunichefua. Msimu ule wa mvua, nikiwa na miaka tisa, tulikaa mtaa wa Shauri Moyo, chumba kimoja sisi wanne, na kuanzia asubuhi mpaka jioni nyundo za mafundi ziligonga mabati hivi kwamba Mama akitaka kuniita ilimbidi aje anishike bega. Baba alikuwa mhudumu wa bodaboda. Alikuwa mtu mfupi, mwenye hasira za karibu, na naomba nisieleweke vibaya, nilimpenda kupita kiasi. Kila asubuhi alinipeleka shule kabla ya kwenda steji kungojea abiria, nami nyuma yake nikijiona malkia wa barabara nzima.

Pikipiki yake ilikuwa na ila moja tu. Zile futresti, yaani vyuma vya kuwekea miguu, zilikaa mahali palepale ambapo mguu wake ulitaka kushukia akisimama. Mtu mrefu hutanua miguu akakanyaga chini bila taabu. Baba ilimbidi aisake lami kwa ncha ya kidole gumba, huku chuma kikimdunga shavu la mguu. Foleni ikiwa ndefu alisimama hivyo dakika kumi, akimtukana kwa Kibukusu kila aliyekuwa mbele yetu. Jioni Mama alimkanda kwa maji moto, lakini ile alama nyeusi haikutoka. Wenzake wa steji walimcheka, wakamwambia anunue baiskeli ya mtoto. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, namjua.

Basi Jumamosi moja tukaenda kwa fundi Mutua, Mkamba aliyeacha kuchonga vinyago akaingia kwenye kuchomelea. Mutua akazikata futresti, akazisogeza nyuma vidole vinne ili mguu ushuke mbele yake bila kizuizi. Lakini alitaka Baba amwachie pikipiki mpaka Jumatatu, atafute bawaba na springi, kwa maana futresti ya kiwandani hukunjika ikisukumwa. "Ikikaa ngumu hivi, mzee, itakunasa siku moja," alisema. Baba akaona anacheleweshwa bure. "Choma tu, Mutua. Mimi si mtoto." Mutua akachoma. Baba akapanda, akashusha miguu yote miwili, nyayo zikatua chini vizuri, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Sijawahi kumwona na raha kama ile.

Raha ilidumu siku nne. Jumatano mvua ilinyesha, Baba akavaa suruali pana ya mvua juu ya ile ya kawaida. Tukielekea shule, karibu na Majengo, mkokoteni ulikatiza barabara, magari yakasimama, nasi tukasimama kando ya kigari cheupe kilichokuwa kimetangulia kusimama. Baba akashusha mguu wa kulia. Pindo la suruali likanasa kwenye ncha ya futresti. Nililiona, maana nilikuwa nimeinama nikikitazama kiatu changu kilichoingia matope. Mguu haukufika chini. Tukaanguka upande wa kulia, tukaugonga mlango wa lile gari, na pikipiki ikamlalia Baba mguuni.

Steji ilikuwa hatua hamsini tu mbele. Pale kwetu mhudumu akionekana chini kando ya gari, hakuna anayeuliza swali. Walikuja wote mbio, honi zikilia, wengine wameshika minyororo. "Umegonga mtu wetu! Toka! Toka nje!" Dereva alikuwa mwanamume wa makamo aliyevaa tai, nadhani karani wa ofisi fulani. Wakamvuta kupitia dirishani, shati likachanika, miwani ikapondwa chini ya buti. "Sijamgonga, ndugu zangu, nilikuwa nimesimama," alisema, na ni kweli, na kila neno lilimletea teke. Nikapiga kelele, "Baba, si yeye! Ni suruali imeshikwa na hii chuma!" Baba alikuwa ameshainuliwa, amesimama kwa mguu mmoja. Akanitazama. Alinisikia vizuri kabisa. Wale waliozoea kuucheka ufupi wake walikuwa wamemzunguka, wanamngoja. Akavua helmeti, akampiga nayo yule mtu usoni, nikasikia mfupa ukivunjika. Nikamshika mkono nikirudia maneno yale yale, akanizaba kofi la mdomo hadi nikatoka damu. "Nyamaza, Nekesa!" Akampiga tena. Mara petroli ikamwagwa, gari likawaka, na dereva angetupwa ndani kama si kina mama wawili wauza mitumba waliomburuta hadi kibandani mwao wakamkalia juu kumkinga. Hakufa. Jicho moja halikupona.

Kesho yake Baba alirudi kwa Mutua akichechemea, akamwambia aweke bawaba. Mimi nilisimama hapo mdomo umevimba, na kwa mara ya kwanza maishani nikamchukia baba yangu.

Sasa nakaribia thelathini, ninaishi mtaa wa Kware, ghorofa ya sita, na kila nikisikia honi nyingi kwa pamoja huko chini nafunga madirisha yote. Baba amezeeka. Ni mwenyekiti wa steji ileile, na hakuna tena wa kumcheka. Kisa kile amekisimulia mara nyingi mpaka kimepata gari la mwendo wa kasi na dereva mlevi, na nafikiri mwenyewe anakiamini. Mwezi uliopita alikuja kula kwetu baada ya kanisa, akamsimulia binti yangu wa miaka sita. Mtoto akanigeukia. "Mama, ni ukweli huyo mtu aliwagonga?"

Baba aliacha kutafuna. Mikono yake siku hizi hutetemeka, hata kikombe hukishika kwa yote miwili. Hakuna mtu mle chumbani ambaye angeweza kunifanya lolote. Nikiwa na miaka tisa niliusema ukweli ule mbele ya wanaume wenye minyororo, nikaurudia. Nikamkatia Baba kipande kingine cha ugali.

"Ndiyo," nikasema. "Alitugonga."