Uliza Joto Linasema Nini

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kila ndege inapopita juu ya paa letu hapa Murara, mjini Goma. Nilikuwa kijana, rubani msaidizi, na vita vilikuwa vimepamba moto. Tulitua kwenye kiwanja kidogo cha kaskazini, tukapakia familia zilizokimbia makwao, tukaruka kuja Goma huku risasi zikisikika nyuma yetu.

Tulipokaribia milima, mshale wa presha ya oili wa injini ya kulia ukaanguka hadi sifuri. Papo hapo taa nyekundu ikawaka. Injini isiyo na oili huungua, hilo nilifundishwa. Lakini kwa uzito tuliobeba, injini moja isingetuvusha milimani. Kuzima kulimaanisha kurudi kwenye risasi. Mama mmoja wa kiti cha mbele, aliyepakata watoto pacha, akaona uso wangu.

"Papa, tunarudia kule?"

Niliogopa, mwanangu, niliogopa sana. Nilimgeukia rubani wetu, Muzee Paluku, mtu wa Butembo asiye na haraka ya kushtuka.

"Komanda, tuzime moteri! Mushale iko zero, na taa inawaka. Ziko mbili zinasema!"

Mkono wake ulikuwa tayari kuzima, ila hakuzima. "Ile taa inasikia habari wapi?"

Swali gani hilo, wakati wa kufa, kama tuko katekisimu! Nikafikiri. Taa ile ilipata habari kwa waya uleule wa mshale. Nikamwambia.

"Basi ni mutu mumoja anasema mara mbili. Wanakula sahani moja. Uliza mwingine. Joto inasema nini?"

Nikatazama. Joto la oili, lenye waya wake lenyewe, lilikuwa palepale. Propela ilizunguka vilevile, na mlio haukubadilika. Ajabu ni kwamba hofu ilianza kunitoka, nikabaki na hamu ya kujua tu.

"Kumbe kipimo ndicho kibovu!" nikasema kwa furaha.

"Sijasema vile," akanikemea. "Joto ikipanda hata kidogo, nazima. Wewe angalia, usifurahi."

Nikamwambia yule mama tunaenda Goma, kisha sikuondoa macho kwenye joto mpaka magurudumu yakagusa ardhi. Fundi alipofungua akakuta waya umekatika. Oili ilikuwa imejaa.

Nakusimulia haya kwa sababu asubuhi umeingia hapa umeshafunga godoro, ukasema watu watano wamekuambia mapigano yamefika Lac Vert, hapo pembeni mwa mji. Nilipokuuliza wao wamesikia wapi, ukacheka: wote wamesikia kwa jirani mmoja mwenye simu. Mimi sikucheka. Huenda jirani anasema kweli.

Kwa hiyo usihesabu midomo, mwanangu, uliza habari imetoka wapi. Mpigie shangazi yako anayeishi hukohuko Lac Vert, asiyemjua jirani yetu hata kwa jina. Akisema kumetulia, fungua godoro, lakini simu iwe mkononi, umuulize tena na tena. Akisema anasikia risasi, usibishane naye, wala usiningoje mimi muzee nitafute viatu. Chukua watoto, uende. Mungu akutangulie njiani, awafunike wote walio mgongoni mwako, na mimi ninayetembea polepole anifikishe mlipo.