Balozi Ndani ya Kijiwe

Mume wangu alikuwa mwalimu wa fizikia Musoma, na pale mtaani Nyasho, ndoa yetu ikiwa bado changa, nilikuwa na mke mwenza: kijiwe cha kijivu, ukubwa wa punje ya mahindi. Alikipika mwenyewe chuoni ng'ambo, akatia ndani madini ya manganizi kidogo tu. Kwenye baridi kali kilivutwa na sumaku. Kikivutwa na huku kwenye joto letu, alisema, wangemwita arudi ng'ambo miaka kadhaa akafanye utafiti. Mimi nilikuwa na mimba kubwa.

Mama yake, mkulima wa pamba, alikuja kutoka Bunda kuningoja nijifungue.

"Baba, huko kuvutwa kunatokaga wapi?" akamuuliza mwanawe.

"Mama, kila chembe ya manganizi ni kisumaku, ila zimekaa mbalimbali, hazisikiani. Sasa humo ndani kuna chaji za umeme zinazozunguka, zinapita kwa huyu, zinapita kwa yule, mpaka wote wanaelekea upande mmoja."

"Ahaa! Balozi wa nyumba kumi, anapita mlango kwa mlango mpaka wote waseme ndiyo."

"Hasa! Ila joto likizidi, kila mmoja anageukia kwake."

"Kama sisi shamba la ujamaa, saa saba mchana."

Jumamosi moja mume wangu akakining'iniza kijiwe kwa uzi, akasogeza sumaku ya spika ya redio iliyokufa. Kikavutwa. Weee! Mtu mzima akaruka jikoni mpaka sufuria zikalia.

"Hata Butiama watasikia!" akapaza sauti.

Nikapiga kigelegele, cha mdomoni tu.

Lakini huyu bwana hajui kudanganya, hata kwa faida yake. Katikati ya ugali akaacha tonge: alikumbuka kwamba alikikata kijiwe kwa msumeno wa chuma, kwenye karakana ya shule. Akakimbilia maabara, akakiosha kwa asidi. Aliporudi akakining'iniza tena mbele yetu. Sumaku ikasogea karibu kabisa. Kijiwe tuli, kama mgeni asiyetambulishwa.

"Kilichovutwa ni unga wa chuma wa msumeno," akasema, akakaa chini.

Machozi yakanitoka. Akanishika mkono.

"Usilie, mke wangu. Ndiyo sayansi."

"Nani anaililia sayansi yako? Nalia kwa furaha. Huendi! Nilikuwa naogopa kuzaa wewe haupo, naogopa mpaka silali."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, ungebaki?"

Akaiangalia sumaku yake.