Bi Rukaiya Awamba Spika

Mtaa mzima pale Mwananyamala ulijua kwamba Bi Rukaiya hampelekei fundi kitu. Ngoma za wanawake aliziwamba mwenyewe, kazi aliyorithi kwa baba yake, na mkono wake ulisifiwa mpaka Kawe. Basi panya walipotoboa karatasi ya spika yake, ile kubwa aliyoinunua miaka ya ruksa vitu vilipoanza kujaa madukani, hakushtuka hata kidogo.

"Hii nayo ngoma tu, ya karatasi," alisema, akakunja mikono ya gauni.

Siku yenyewe ilikuwa ya harusi ya Najma, binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu anatambaa. Jioni wangekuja wanawake wa upande wa mume, na wageni hao hupokewa kwa muziki wa mwenye binti. Ukiukosa watapiga wao, uani kwako, na maneno yake hayaishi mtaani.

Asubuhi ile Bi Rukaiya akakata kipande cha ngozi ya mbuzi, akakiwamba juu ya tundu kwa gundi ya unga wa muhogo, akakivuta barabara. Kisha akaisogeza spika karibu na jiko la mkaa ili ngozi ikaze, kama afanyavyo kwa ngoma zake zote. Akawasha. Spika ikaguna. Mwimbaji alisikika kama mtu aliyefunikwa mto usoni.

Najma, hina bado mbichi mikononi, akasema taratibu, "Shangazi, waache tu wapige wao."

Neno lile lilimchoma. Aliweka kiganja juu ya spika huku ikiguna, akahisi karatasi inataka kuruka na ngozi inaizuia. Akacheka peke yake. Ngoma hukazwa kwa sababu inapigwa. Hii hakuna anayeipiga, inajirusha yenyewe. Akaibandua ngozi kwa kitambaa chenye unyevu, akachukua karatasi laini iliyofungiwa sabuni ya kuogea, akaziba tundu bila kuvuta chochote, akaianika spika juani.

Jioni wageni walikata kona na redio yao begani, wakakuta muziki wa Bi Rukaiya umeshajaa uani na kumwagikia njiani. Ulikwaruza kidogo kwenye besi, na aliyelisikia hilo ni yeye tu. Wageni wakazima redio yao, wakaingia wakicheza.

Najma alikuwa ndani, kama ilivyo desturi ya bibi harusi. Sauti yake ikatoka dirishani: "Shangazi, ongeza."

Bi Rukaiya akaongeza mpaka mwisho, machozi yanamtoka na shingo kainyoosha.