Maumivu ya Shingo Niliyoyaficha Mwaloni

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, mwanangu, na miguu niliyoiona kabla ya kuona uso wa mwenye miguu hiyo. Lakini kaa vizuri kwanza, uegemeze mgongo ukutani. Nimekuona tangu juzi unajishika bega na kuikanda shingo kwa vidole, na ukiulizwa unajibu kwamba ni uchovu tu. Mimi nami nilijibu hivyo miezi saba mizima. Siku nilipoacha kujibu hivyo, mtoto wa watu alikuwa ameshapotea.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, kijana wa hapa Ujiji, nimepata ukarani wa muda kwenye mwalo mmoja ambako boti za wakimbizi kutoka Burundi zilikuwa zinashusha watu. Walishuka na magodoro, sufuria, kuku, wengine mikono mitupu, wakapanga foleni mbele yangu. Niliandika jina la mkubwa wa kaya, wako wangapi, wametoka wapi. Kila kaya ilipewa kadi, na kwa kadi hiyo ikapanda lori kwenda kambini. Meza yangu ilikuwa kreti ya soda iliyogeuzwa, kiti changu kigoda cha mama. Tangu asubuhi hadi alasiri kidevu kiligusa kifua, na bega la kulia lilikuwa limepanda juu utadhani linataka kusikiliza sikio linasema nini.

Maumivu yalianza kidogo, chini ya kisogo. Yakashuka begani. Mwisho nikawa siwezi kutazama pembeni bila kugeuza mwili mzima, na asubuhi nilikishika kichwa kwa mikono miwili ndipo nikinyanyue kitandani. Sikumwambia mtu. Niliogopa msimamizi wetu, Bwana Hamisi, atampa mwingine kazi ile. Na niliona haya pia. Wenzangu wanapakua magunia, mimi nashika kalamu, nilalamike nini? Nikawa natafuna vidonge vya maumivu bila kujali nimekunywa vingapi, tumbo tupu, nashushia na chai ya rangi. Jirani mmoja aliyejisifu kuwa fundi wa kunyoosha viungo alikikamata kichwa changu akakizungusha kwa nguvu mpaka kikalia. Wiki ile nilivalishwa shati na mama yangu, mtu mzima nina ndevu.

Sasa, mchana wenyewe. Boti tatu ziliingia pamoja, mwalo ukajaa watu na vilio vya watoto. Nilikuwa nimelala vibaya usiku wake, na kufikia saa saba nilikuwa sithubutu kuinua kichwa. Nilisikia sauti, nikaona miguu. Ikaja miguu ya mwanamke mzee, mikavu, imepasuka visigino.

"Jina?"

"Yozefina."

"Mko wangapi?"

"Wawili. Mimi na mjukuu wangu, Esperansi."

Nikatazama chini. Mtoto alikuwa amesogea nyuma kwa watoto wengine wanne, mimi nikaona jozi moja tu ya miguu. Nilitakiwa kuinua macho nimtafute. Sikuinua. Nilidhani kelele zimenifanya nisikie vibaya, nikaandika mtu mmoja, nikampa bibi kadi. Hakujua kusoma, akaipokea kwa mikono miwili na kunishukuru. Akafuata mama wa wale wanne. Nikahesabu miguu midogo, nikaandika watoto watano.

"Wangu ni wanne, bwana," alisema.

"Nimewahesabu mwenyewe. Anayefuata!"

Alikuwa amechoka, hakubishana. Lori la kwanza lilipoitwa, wapakiaji walihesabu kwa kadi. Imeandikwa watano, basi wakapandisha watano, na Esperansi mmoja wao, analia. Bibi yake alikuwa ameenda kuchota maji ya kunywa. Aliporudi na kopo lake, lori lilikuwa limeshapanda mlima, na wapakiaji wakamwambia kadi yake ni ya mtu mmoja.

Alikuja mezani kwangu. Hakupiga kelele. Alisimama tu mpaka nikaona kivuli chake juu ya daftari.

"Mwanangu," alisema kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kirundi, "nimevuka ziwa na mtoto mmoja. Baba na mama yake tumewazika. Huyo mmoja umemwandika wapi?"

Nikalazimisha kichwa kuinuka. Maumivu yalinichoma kuanzia shingoni hadi kwenye kiwiko, machozi yakanilenga. Ndipo nikamwona uso, mwanamke mwembamba wa makamo ya mama yangu mkubwa, kopo la maji bado mkononi.

"Hukututazama hata mara moja," akasema. "Nilidhani unatudharau."

"Si dharau, bibi. Shingo inaniuma. Nashindwa kuinua kichwa."

"Tangu lini?"

"Miezi saba sasa."

"Umemwambia nani?"

Niliweka kalamu chini. Naye akasema pole pole, "Ulichokificha wewe kimenifika mimi."

Mwanangu, nimegombezwa na wengi maishani, lakini hakuna aliyenigusa kama bibi yule kwa maneno manne matano. Nilichukua daftari nikaenda kwa Bwana Hamisi, nikamweleza kosa na nikamweleza shingo. Kuhusu kosa alifoka, na ilikuwa haki yake. Kuhusu shingo alinitazama kwa mshangao. "Ungesema tu ningekutafutia meza," alisema. Meza! Miezi saba nimeteseka kwa jambo la meza. Akaniamuru nipande lori linalofuata pamoja na bibi, na daftari mkononi, nisirudi bila jibu.

Barabara ilikuwa mashimo matupu. Kila lori liliporuka niliguna. Bibi Yozefina alinitazama kidogo, akafungua kitenge alichojifunika, akakikunja kikawa kinene, akanizungushia shingoni bila kukaza. Akanisogeza nikaegemea kibanda cha dereva, akaniambia nishushe mabega na nipumue hadi tumboni. Macho yake yalikuwa barabarani yakimtafuta mjukuu wake, lakini mikono ilinifunga kwa upole. Aliniambia shingo yake inamsumbua tangu akiwa msichana, kwa kubeba kuni na mitungi, na kwamba amejifunza kuishi nayo kama mtu anavyoishi na jirani mkorofi.

Tulifika jua likiwa bado juu ya vilima. Daftari lilitupa jina la yule mama wa watoto wanne, tukaulizia hema hadi hema. Tulimkuta anachemsha mahindi, amezungukwa na watoto, na Esperansi kamfunga kwa kanga kiunoni mwake asiondoke.

"Nilijua bibi yake atakuja," alisema. "Walitaka kumpeleka kwa watoto wasio na wazazi, nikakataa."

Mtoto alipoisikia sauti ya bibi yake alijinasua. Sitakueleza walivyokumbatiana, maana mpaka leo nikieleza nashindwa kumaliza. Mimi nilikaa chini kwenye vumbi. Nilimwomba radhi bibi, nikamwomba na yule mama niliyemkatiza. Wote wawili walinisamehe, kisha wakanipa hindi.

Baada ya hapo nilipita kambini kila nilipopeleka orodha, na Bibi Yozefina akawa mwalimu wangu wa kuitunza shingo. Wa kwanza kunituma hospitali alikuwa yeye. Daktari alinipima nguvu za mikono, akanichomachoma vidole kwa pini kuona kama vina hisia, akasema ni misuli na viungo vya shingo, kwamba huenda maumivu hayataisha kabisa, ila yatanyamaza nikiyatunza. Na yamenyamaza. Nilifanya ukarani mpaka nikastaafu. Amani iliporudi kwao, bibi na mjukuu walipitia hapa nyumbani siku mbili kabla ya kupanda boti. Esperansi alikuwa msichana mrefu, na ndiye aliyekuwa anabeba mizigo yote, nusu mkono huu, nusu mkono ule, kama alivyofundishwa.

Basi sikia, mwanangu. Kazi iletwe usawa wa macho yako, usiishukie wewe. Pandisha meza kwa matofali, iwe daftari, iwe cherehani, iwe hiyo simu yako. Viwiko vipate pa kupumzika. Kila baada ya muda mfupi acha kazi, pandisha mabega hadi masikioni, yaachie, geuza kidevu kulia na kushoto taratibu bila kulazimisha. Jioni chovya taulo kwenye maji ya moto unayoyavumilia, likamue, lilaze begani robo saa. Lala kwa ubavu au chali, mto mmoja wa kujaza pengo la shingo, usilale kifudifudi. Siku mbaya ikija, punguza kazi lakini usilale kutwa, tembea ufukweni mikono ikining'inia. Dawa ya maumivu meza kwa kipimo ulichoandikiwa, na uwe umekula. Mtu asikuzungushe kichwa kwa nguvu, hata akisifiwa mji mzima. Na ukiona mkono unakufa ganzi, vitu vinakudondoka, miguu inalegea, au maumivu yamekuja na homa au baada ya kuanguka, usingoje kesho, nenda hospitali. Yakibana kifuani na kushuka mkononi, nenda mbio.

Lakini kubwa kuliko yote, sema. Mwambie mkeo, mwambie bosi wako. Mtu mwenye maumivu ya siri huwa mkali kwa wasiomkosea, na hajui.

Mwenyezi Mungu akulainishie mabega, akupe usingizi mtulivu na asubuhi nyepesi. Akujalie watu wa kukuuliza hali yako, nawe uwe na moyo wa kuwajibu ukweli. Amina. Haya, mwite mkeo aweke maji jikoni, tukukande hilo bega.