Pumzi ya Mama Nyuma Yangu

Majani chai mabichi yakikaa ndani ya gunia mpaka yapate joto, yanatoa harufu tamu, nzito kidogo, kama nyasi iliyochemka. Juzi niliisikia hapa Sosiot, nikasimama na gunia langu mgongoni kama mtu aliyeitwa jina. Wacha niwaambie nyinyi, kwa sababu nyumbani jambo hili sijawahi kulieleza vizuri.

Kwaya yetu ilifanyia mazoezi kwa kibanda cha kununulia majani, lori likishaondoka. Walikuwa watu wazima kumi, na mimi, mtoto wa darasa la sita. Haikuwa kwaya ya kanisa. Mwalimu Koech, aliyeianzisha, alipenda nyimbo za Kilatini za zamani sana, na zingine alizotunga mwenyewe kwa Kipsigis, ambazo sauti zinagongana makusudi. Wachumaji wakipita walitucheka. "Weh! Hao wanaimba, ama ni ng'ombe wamefika kwa dip kuogeshwa?" Mama, aliyekuwa sauti ya pili, alicheka kuliko wote.

Katika wimbo mmoja mpya Mwalimu aliweka mistari minne ya mtoto peke yake, akanipa mimi. Mwisho wake kulikuwa na noti ya juu sana. Siku zingine niliifikia, siku zingine ilinikatikia. Nisiseme uongo: ilinikatikia mara nyingi. "Wimbo hauna shangazi," Mwalimu alipenda kusema, yaani hautakuhurumia. Lakini Mama aliniambia tukikamua ng'ombe, "Usiogope, Chero. Utaimba tu." Basi nikaimba shambani, nikaimba chooni, mpaka kaka yangu akaniomba msamaha kwa makosa yake yote.

Siku ya onyesho tulienda Kericho, ukumbi umejaa. Nikapiga hatua moja mbele. Mama alikuwa nyuma yangu kabisa, ingawa sauti ya pili husimama upande ule mwingine. Sikujiuliza. Mwalimu akainua mkono, na kabla sijaanza, nikasikia Mama akivuta pumzi.

Tukaanza pamoja. Aliimba mistari yangu kwa sauti nyembamba ya kitoto ambayo sikujua anayo, juu ya yangu, mpaka yangu ikapotea. Noti ya mwisho ilitoka safi. Makofi yakalia. Mwanamke mmoja alinishika mashavu: "Kongoi, asante, mtoto wangu! Hiyo sauti umetoa wapi?"

Mama akajibu haraka, "Ni ya ukoo."

Angekuwa ananiokoa, angengoja nikosee kwanza. Ile pumzi ndiyo iliyoniuma. Walikuwa wamepanga, yeye na Mwalimu.

Kwaya niliiacha wiki hiyo, nikasingizia masomo, ambayo nayo hayakufika mbali.

Nilipopata watoto wangu ndipo nikamuuliza. Hakukataa. "Mwalimu alikuwa amekutoa kabisa kwa wimbo. Nikamwomba. Nikamwambia mtoto asimame, mimi nitaimba. Ningekuambia, ungesimama?"

Singesimama. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ni kweli. Utotoni nilijua tu kwamba Mama aliniibia wimbo. Sikujua kwamba alikuwa ameupigania kwanza. Labda hata mimi ningefanya vile kwa wangu.

Lakini watu hapa bado wananisifu kwa wimbo ule, nami nasema asante. Ile noti, siku ile, niliifikia ama ilinikatikia? Mdomo wangu ulikuwa wazi, koo lilitetemeka. Mama alikuwa karibu sana. Sauti yangu sikuisikia.