Kahawa ya Kwenye Baiskeli

Ujinga huu naukiri mwenyewe: niliwanyima kahawa majirani niliowaalika mimi. Huku Bawshar nilishaitwa mchoyo, maana sitoki wala sikaribishi mtu. Basi nikawakodia ile baiskeli ya viti sita, tuzunguke ufukweni Qurum tukinywa kahawa. Wao wakapiga pedali wakihema, mimi nikamimina. Kila aliyepiga funda moja nikaona kikombe chake kinatikisika, na kwetu mgeni akitikisa kikombe ndiyo ametosheka. “Mashallah, mmeshiba upesi!” nikawaambia, nikajimiminia mwenyewe mpaka chupa ikakauka. Hapo Bi Zuhura, jirani yangu wa mlango wa pili, akasita kupiga pedali.

“We Salma, nani katikisa kikombe? Baiskeli ndiyo inayotutikisa, mchoyo mkubwa we!”