Sukari Ilishuka, Tukapika Pilau

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nyumba ya mama mkubwa kule Great Barr imejaa watu wa kwetu Unguja, viatu vimetapakaa mpaka nje. Nilikuwa kijana, ndio kwanza nimefika Birmingham. Mama mkubwa alikuwa na kisukari cha miaka mingi, anajidunga insulini asubuhi na jioni, na sukari yake haisikii dawa. Mara ikaanza kushuka yenyewe. Tukasema ni mlonge aliotumiwa kutoka nyumbani. Kliniki akaacha kwenda, sisi tukapika pilau na kuita watu kwa dua ya shukrani.

Katikati ya dua akaanza kutokwa na jasho, midomo inatetemeka. Wenzake wakadhani analia kwa furaha, wakazidi kuitikia amina. Binti yake Zuhura, mzaliwa wa hapa hapa, ndiye aliyeshtuka. "Mama's having a hypo," akasema. "Sukari imemshuka mno, mpeni sharubati, sasa hivi." Sharubati tuliyomnyima miaka yote ndiyo tuliyomnywesha, kidogo kidogo, mpaka macho yakarudi. Mwanangu, niliogopa siku ile.

Hospitalini Edgbaston daktari alitueleza taratibu. Figo ndizo zinazosaidia kuiondoa insulini mwilini. Zake zilikuwa zinakufa, kwa hiyo dozi ya asubuhi bado inazunguka kwenye damu, na jioni anaongeza nyingine. Tulichokiita kupona kilikuwa ni ugonjwa uliozidi kusonga mbele.

Mama mkubwa akacheka peke yake. "Kumbe tumezipikia pilau figo zangu."

Wakampunguzia insulini, baadaye akaanza kusafishwa damu. Wengine tulishaanza kumlilia. Yeye akawa anaenda kusafishwa na tasbihi yake na ubishi wake, akaishi mpaka akakupakata wewe na kukuchagulia jina.

Sasa nasikia na wewe sukari yako imetulia na kliniki huendi tena. Huenda ni kheri kweli, sisemi sivyo. Lakini nenda wakupime damu na mkojo, wakwambie figo zinasemaje, na dozi usiiguse mpaka uwaulize. Ukirudi na habari njema, pilau nitapika mimi.

Mola akuhifadhi, mwanangu, akupe umri wa aliyekupa jina, na siku ya shukrani yako sote tuwe tunacheka.